Mstari wa Nyumba ya Rebeccah

Ukitaka kumjua Janeffer usimwulize mwenyewe, maana atakuambia "mimi ni karani tu," kisha arudishe macho kwenye kompyuta. Waulize wakulima. Wote wanaopeleka majani chai kwenye ule ushirika mdogo wa nyuma ya Litein wanamfahamu: mwanamke mfupi, sweta ya kijani hata jua likiwaka, sauti ya chini, mkono usio na papara. Yeye ndiye aliyewatoa kwenye kadi zilizotafunwa na panya akawaingiza kwenye mfumo wa kompyuta, nyumba baada ya nyumba, na akikosea jina la mtu siku hiyo chai hainyweki. Mtu mwema, tusidanganyane. Na ndiyo maana kilichompata kinaudhi hadi leo.

Kazi yenyewe ni kuandika mistari. Kila mtu wa ushirika ana mstari wake ndani ya jedwali moja kubwa: nambari yake, jina, kijiji, na nambari ya baba yake, ili ijulikane ni wa nyumba gani na nani atashika nafasi ya nani. Mtoto akizaliwa, mstari unaongezwa. Mtu akifa, mstari wake haufutwi ovyo, unawekewa alama tu, kwa sababu watoto wameshikilia nambari yake, na ukimfuta wanabaki wakining'inia. Janeffer aliwaeleza wazee hivyo hivyo na wakamwelewa upesi kuliko alivyotarajia.

Shida ilianza alipofika kwenye nyumba yake mwenyewe. Aliandika jina lake, akaandika la mdogo wake Kipkurui, na mahali pa baba akaweka nambari ya Rebeccah. Kompyuta ikakataa. Ikatoa maandishi mekundu: baba lazima awe mwanamume. Akajaribu tena, ikakataa tena. Akampigia simu Kuria, fundi aliyeutengeneza ule mfumo, Mkikuyu aliyezaliwa na kulelewa Chepseon ambako wazazi wake wana duka.

"Jane, sasa baba atakuwa aje mwanamke?" Kuria alicheka. "Hata mashine inajua."

"Basi mashine yako haijawahi kuishi na Wakipsigis," Janeffer akamjibu. "Jumapili kuja nyumbani ukunywe mursik. Utamwona baba yangu."

Kuria akaja. Alimkuta mama mzee amekaa nje kwenye kiti, kitambaa kichwani, fimbo mapajani, Biblia ya kusomewa kando. Huyo ndiye Rebeccah. Kwa wale wasiojua, mambo ni hivi. Rebeccah aliolewa akazaa mabinti watupu, wakaolewa wakaenda zao, kisha mume akafariki. Nyumba ikabaki bila kijana wa kuibeba. Kwa Wakipsigis mwanamke wa namna hiyo ana njia yake: anatoa ng'ombe, anaoa msichana kama mwanamume anavyooa, na watoto wa yule msichana wanakuwa wa nyumba yake. Rebeccah alimwoa Dorcus. Dorcus akamzaa Janeffer, kisha akamzaa Kipkurui, na siku Kipkurui alipozaliwa Rebeccah alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Aliyemtia Dorcus mimba hatajwi. Kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja, hiyo ndiyo adabu yake. Dorcus alifariki watoto wakiwa wadogo, na Rebeccah, ambaye walizoea kumwita Kogo, yaani nyanya, ndiye aliyewalea.

Kuria alisikiliza, akanywa mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, akaongezewa, akanywa. Hakucheka tena. Jioni ile ile alifungua kompyuta yake pale pale kwenye nyasi akaiondoa ile kanuni, akasema, "Samahani sana, cucu," yaani nyanya kwa Kikuyu. Kanisani siku hizi watu wanainama wakisikia habari za ndoa hizo, wanajifanya ni mambo ya zamani, lakini nyumba za aina hiyo zipo, na wote waliomo waliingizwa kwenye jedwali kwa sababu Janeffer alikataa kuwaruka.

Rebeccah alitaka kuona kwa macho yake. Akaletwa ofisini kwa pikipiki, akaketi, Janeffer akamwonyesha kwenye kioo. Hajui kusoma, lakini aliuliza kila neno ni nini.

"Hapa ni wewe, Kogo. Na hapa ni Kipkurui. Hii nambari iko kwa mstari wake ni yako."

"Haiwezi kutoka?"

"Haitoki hivi hivi. Mpaka mtu aitoe."

"Nani anaweza kuitoa?"

"Mimi tu na Kuria."

Rebeccah akatabasamu. "Basi iko salama," akasema, akaomba arudishwe nyumbani akakamue ng'ombe. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake umechoka, apumzike, lakini nani wa kumpumzisha yule?

Sasa Kipkurui. Ah, Kipkurui! Kijana mrefu, mdomo wa asali, anauza vipuri vya pikipiki pale Litein na hakuna mwenye boda asiyemwita "kiongozi." Janeffer alimbeba mgongoni tangu mama yao azikwe. Alimfulia, alimfundisha kusoma, alimpigania shuleni na watoto waliokuwa wakimcheka. Kwa hiyo mwaka huu Kipkurui aliposema anataka kugombea udairekta wa ushirika katika eneo lao, dada yake alifurahi kuliko yeye. Lakini siasa ni siasa. Wapinzani walimvizia pale stendi ya Litein, mmoja akapaza sauti mbele ya watu: "Mnataka kumchagua huyu ambaye baba yake anavaa gauni?" Watu wakaangua kicheko. Kipkurui naye akacheka, lakini alipofika ofisini kwa dada yake uso ulikuwa umemvimba kwa hasira.

"Badilisha pale pa baba," alisema. "Orodha ya wagombea inabandikwa ukutani na jina la baba. Weka Johana."

Johana alikuwa mzee wa kanisa na dairekta aliyekuwa akistaafu, mtu mzito, watu wanasimama akiingia. Tena Kipkurui alikuwa na paji la uso la mzee huyo na mwendo wake, mtu hahitaji kuambiwa. Lakini kutaja, hapana.

"Umeingiwa na nini?" Janeffer alimkemea. "Johana hana mtoto kwetu. Wewe ni wa Kogo. Ng'ombe zilitolewa kwa ajili yako wewe!"

"Hizo ni hadithi, Jane. Kura ni kura."

"Toka hapa ofisini."

Akatoka. Kesho yake akarudi, amejaa toba, machozi karibu. Nisamehe dada, hasira tu, Kogo ndiye kila kitu kwangu. Janeffer akamsamehe kabla hajamaliza kusema. Tangu siku hiyo akawa anakuja saa ya chakula cha mchana na chapati na maharagwe, wanakula pamoja kwenye meza ya kompyuta. "Nifundishe hii kazi yako," alimwambia. "Nikiwa dairekta sitaki kudanganywa na watu wa ofisi." Na kumbe kilikuwa kilemba cha ukoka! Janeffer, ambaye hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumuuliza kazi yake ni nini hasa, alivimba kichwa. Alimfundisha kila kitu. Alimwonyesha namna ya kuongeza mstari, namna ya kuusahihisha, hadi lile dirisha jeusi ambalo Kuria alimfungulia kwa masahihisho magumu, mahali mtu anapoandika amri kwa mkono na kompyuta inatii bila kuuliza maswali.

"Hapa lazima uwe macho," alimwambia. "Ukisema badilisha, useme na ni mstari wa nani. Usiposema ni wa nani, inachukua ni wote."

Kipkurui aliitikia, mdomo umejaa chapati.

Siku moja mzee fulani alikwama nje na magunia ya mbolea, Janeffer akatoka kumsaidia, akamwacha mdogo wake kwenye kiti. Kwa nini asimwache? Ni ndugu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini nani hukagua nguo zake kila saa? Aliporudi, Kipkurui alikuwa anafuta mikono, akasema ana mteja, akaondoka haraka. Mchana ule Edinah, mhazili wa ofisi, alichapisha orodha za uchaguzi, za wagombea na za wapiga kura wote, akazifunga bila kuzisoma, akazipeleka kwenye vituo vya kununulia chai zibandikwe asubuhi.

Asubuhi! Wakulima walishusha vikapu vyao wakasogea ukutani kutafuta majina yao. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mzee Joram, Mkikuyu mwenye posho mill, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a.

"Ngai! Mimi baba yangu ni Johana? Tangu lini?"

Mama mmoja akacheka, akatafuta lake, akalisoma mara mbili. Johana. Jirani yake, Johana. Kijiji kizima, Johana. Wasabato, Wakatoliki, Wakisii walioajiriwa juzi, wote watoto wa Johana. Mabibi waliomzidi umri kwa mbali walikuwa mabinti zake. Na Johana mwenyewe, maskini, alipofika na miwani yake na kutafuta mstari wake, akakuta kwamba baba yake ni Johana, nambari ile ile, yaani amejizaa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, chai ikasahaulika mizanini.

Lakini kicheko hakikai peke yake. Kati ya majina yote ya ushirika, kwa nini Johana? Wakaanza kuangaliana. Mtu akakohoa. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba lisemwalo lipo, na macho ya watu yakahamia kwenye duka la Kipkurui ng'ambo ya barabara. Johana aliiona ile miondoko ya macho. Akavua miwani, akapanda gari, akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Meneja, Bwana Momanyi, ni mtu wa haki lakini hapendi aibu. Akamwita Kuria. Kuria akaja mbio, akairudisha nakala iliyohifadhiwa usiku uliotangulia, na kabla ya saa ya chakula kila mtu alikuwa amerudi kwa baba yake halali. Hakuna kilichopotea. Ila mfumo huweka kumbukumbu ya aliyefanya nini, na pale paliandikwa jina moja: Janeffer. Momanyi akaitisha kikao cha wanachama wote siku ya Jumamosi.

Yeye aliposoma ile amri, mstari mmoja mfupi usio na "ni wa nani," alielewa yote mara moja. Hakusema kitu kwa Momanyi. Alichukua pikipiki akaenda kumtafuta mdogo wake, akamkuta nyuma ya nyumba ya Kogo akikata nyasi za ng'ombe.

"Ni wewe."

Kipkurui aliweka panga chini. Hata hakujaribu kukana. "Nilitaka wangu peke yake, Jane. Wangu tu! Sikujua itabeba dunia nzima."

"Ulikuwa unanilisha chapati ili uniibie kiti?"

"Nisikilize. Nikitajwa leo nimekwisha. Na Kogo akisikia nilimkana, moyo wake..." Akashika mikono ya dada yake. "Nipe mpaka kikao cha Jumamosi. Nitasimama mimi mwenyewe, mbele ya wote, niseme. Nitamwambia Kogo kwanza, polepole, kwa mdomo wangu. Usiseme wewe. Niachie mimi nifanye kama mwanaume."

Janeffer alimtazama, akamwona bado yule mtoto aliyembeba mgongoni. Akakubali. Siku zile mpaka kikao alivumilia. Edinah aliacha kumsalimia. Wakulima aliowaandika nyumba moja moja walimpita mlangoni. Mama mmoja wa nyumba kama yao, aliyemwamini akamweleza siri zake zote, alikuja kumuuliza, "Na mimi umeniweka kwa nani sasa, binti yangu?" Hilo lilimkata maini. Lakini kila jioni alijiambia, Jumamosi, mdogo wangu atasema.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa ushirika, watu wamejaa hadi madirishani. Rebeccah alikuja. Majirani walikuwa wamemfikishia habari tayari, kwamba nyumba yake ilifutwa kwenye kompyuta na kijana wake akapewa mtu mwingine. Aliketi mbele, Kipkurui kando yake, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mkono wa shati la kijana kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Johana alisimama kwanza. "Mimi sijamkosea mtu," alisema. "Nataka kujua ni nani amenivua nguo mbele ya wajukuu wangu."

Momanyi akasoma kumbukumbu ya mfumo. Watu wakanung'unika. Kuria akaomba nafasi. "Mimi nasema ukweli wangu," alisema, "amri hii imeandikwa na mtu ambaye hajui kazi. Janeffer hawezi kusahau kitu kama hicho. Ni kama umwambie mama asahau chumvi."

"Basi ni nani?" Momanyi akauliza. "Paswadi ni yake, kiti ni chake. Kuna mtu mwingine alikaa hapo?"

Janeffer alimtazama mdogo wake. Kipkurui akasimama. Haya, sasa, Janeffer alijiambia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipumua vizuri. Alimwonea hata huruma. Alijiandaa kwenda kusimama kando yake akimaliza, ili asichekwe peke yake.

"Wazee, na mama zetu," Kipkurui alianza, ile sauti yake tamu. "Huyu ni dada yangu. Amenilea. Ni uchungu kusema, lakini familia isiyosema ukweli haiwezi kuongoza wengine." Akavuta pumzi. "Dada yangu amekuwa akionea haya nyumba yetu. Watu walitucheka Litein, akashindwa kuvumilia. Alitaka kunipa baba mwingine ili nisichekwe. Alifanya kwa upendo, akakosea, ikaharibu ya kila mtu. Namwombea msamaha. Na mimi leo nasema mbele yenu wote: mimi ni mtoto wa Rebeccah. Sitaki baba mwingine. Anayetaka kunicheka, acheke!"

Watu walipiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi! Wazee wakapiga fimbo sakafuni, wamama wakapiga vigelegele, na wale wale waliocheka stendi walikuwa wakitikisa vichwa kwa heshima. Hata Johana aliinamisha kichwa, mzigo umemtoka. Rebeccah alikuwa akilia na kucheka pamoja, na ule mkono ulikuwa bado umeshika shati.

Huyo ndiye mtu anayeuma na kupuliza. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hapigiwi makofi akishapiga teke.

Janeffer alisimama. Maneno yote yalikuwa mdomoni: dirisha jeusi, chapati, magunia ya mbolea, ahadi ya kwenye nyasi. Kuria alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi, sema, sema. Neno moja lingetosha kumwangusha Kipkurui pale pale. Na lingemwangukia Rebeccah kwanza, mbele ya watu wote waliokuwa wakimshangilia, kwamba yule kijana aliyemtolea ng'ombe, aliyemngoja miaka na miaka, alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kuliondoa jina lake. Janeffer alimwangalia Kogo. Hakuwa amewahi kumwona na furaha ya namna ile tangu siku za utoto wake.

"Nilikosea," alisema.

Momanyi akatangaza kwamba atakaa nyumbani mpaka uchaguzi upite, halafu itaonekana. Kuria aliweka uso mikononi. Kikao kikavunjika, watu wakamzunguka Kipkurui, wakimshika mkono, dairekta, dairekta.

Nje, kwenye murram, Janeffer alimngoja Kogo ili ampeleke nyumbani kama alivyofanya siku zote. Rebeccah alitoka akiegemea fimbo upande mmoja na Kipkurui upande wa pili. Alisimama mbele yake. Janeffer akainama apokee mkono kichwani, maana ndivyo walivyosalimiana tangu akiwa mtoto. Mkono haukuja.

"Nilikuuliza nani anaweza kunitoa," Rebeccah alisema. "Ukaniambia ni wewe. Sikujua unaniambia ukweli."

"Kogo..."

"Wacha." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Alisema taratibu, kama anayemfundisha mtu jambo la wazi. "Watu walinicheka nikioa nikiwa mzee. Wakaniambia, si una mabinti, mabinti pia ni watoto. Leo nimeona. Ndiyo sababu tulitafuta kijana."

Akamgeukia Kipkurui, akampa mkono, wakateremka pamoja kuelekea barabarani, kijana akimwondolea mawe njiani, na Rebeccah hakugeuka nyuma hata mara moja.